Sura ya Nne: Kengele Isiyolia

Mama alinikabidhi bahasha tatu katika stendi ya Mbinga, bado giza, basi limeshawashwa. Moja ilikuwa na nauli na hela ya kula njiani. Ya pili ilikuwa na vyeti. Ya tatu ilikuwa barua ya paroko, na hiyo ndiyo aliyoishika muda mrefu kabla hajaiachia.

"Hii usiwape wa getini," akaniambia. "Mpe padri, mkononi mwake. Na akuone uso."

Niliifungua Njombe, abiria wenzangu waliposhuka kununua viazi. Paroko alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba kijana huyu amebatizwa, ana Kipaimara, ametumikia altareni miaka mitano, mama yake ni wa WAWATA, na parokia inaomba apokelewe na kulelewa vema. Neno hilo la kulelewa lilinikaa kooni mpaka Iringa. Nilikuwa na miaka 21. Ndevu zilishaanza, ingawa ungeweza kuzihesabu.

Mwaka ulikuwa 2012, mwezi Oktoba. Kutoka Mbinga hadi Mwanza unaikata nchi nzima, kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Ziwa Victoria: Songea, Njombe, Iringa, Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga. Siku ya tatu alasiri nikashuka stendi ya Nyegezi, miguu imevimba, begi begani, ndoo mkononi, na kitu cha kwanza nilichokitazama ni mawe. Nilikuwa nimeambiwa habari za mawe ya Mwanza, lakini kuambiwa si kuona. Yamepandana juu ya vilima kama magunia yaliyopangwa na mpagazi mlevi, na nyumba za watu ziko katikati yake, hazina wasiwasi wowote.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho kila mtu anakiita SAUT, kiko Malimbe, mbele kidogo ya Nyegezi, karibu na ziwa. Nilifika nikiwa nimeiweka ile bahasha ya tatu mfuko wa shati, tayari.

Foleni ya usajili ilikuwa ndefu. Tulipitishwa meza moja hadi nyingine: risiti ya benki, matokeo ya kidato cha sita, picha ndogo, fomu ya daktari. Meza ya mwisho dada mmoja akanigongea muhuri na kuniambia basi, umemaliza. Sikuondoka. Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vema, barua ya paroko niipeleke wapi.

"Barua ya paroko ya nini, kaka? Unafunga ndoa?"

Foleni nzima ikacheka. Hakucheka mtu mmoja tu, kijana aliyekuwa nyuma yangu, mrefu, mwenye kofia ya kiua. Tulipotoka nje akaniambia ametoka Ujiji, na kwamba tangu treni ilipoondoka Kigoma alikuwa anafanya mazoezi ya jibu atakalotoa wakimuuliza kwa nini Mwislamu amekuja kusoma kwa mapadri. "Nimefika mpaka meza ya mwisho," akasema, "hakuna aliyeniuliza. Jibu zuri limeniharibikia mdomoni."

Kabla jua halijazama tulikuwa tumepata chumba kimoja Malimbe, shilingi 30,000 kwa mwezi, mama mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita mkononi. Kwa sababu ya ile barua, mwenzangu akaniita Padri. Mimi nikamwita Shehe. Majina hayo yalidumu kuliko godoro.

*

Ukizungumza na wazazi wa wanafunzi wa vyuo vya Kanisa, wawe Wakatoliki, Waislamu au Wasabato, utasikia sababu ileile: huko kuna nidhamu. Kwa maneno mengine wanaamini kwamba mtoto akipita lile geti yuko mikononi mwa watu waliovaa kanzu, na watu hao watamwamsha, watamhesabu, watamuuliza jana usiku alikuwa wapi. Wanafikiria seminari, au sekondari za wamisionari walizosoma wao au walizosikia wajomba zao walisoma, zile ambazo Serikali ilizitaifisha mwishoni mwa miaka ya 1960. Mama yangu aliamini hivyo kwa moyo wote. Aliuza magunia ya kahawa kwa imani hiyo.

Ukweli ni kwamba chuo kikuu cha Kanisa ni chuo kikuu kwanza. Mahali pale Malimbe pana historia ya kufundisha watu wazima. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita White Fathers, alianzisha hapo kituo cha mafunzo ya kijamii, na kwa miaka mingi Nyegezi ilijulikana zaidi kwa kuwatoa wanahabari. Vyuo vikuu vya binafsi viliporuhusiwa miaka ya 1990, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likakigeuza kituo kile kuwa chuo kikuu, mwaka 1998. Matawi yakaota Iringa, Tabora, Mtwara na kwingineko, na mengine yamekua yakawa vyuo vikuu vinavyojitegemea.

Na kuhusu dini ya mwanafunzi, Roma ilishasema. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II alitoa mwongozo wa vyuo vikuu vyote vya Kikatoliki duniani, na mojawapo ya mambo yaliyomo ni kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe. Ndiyo maana Shehe hakuulizwa swali. Ndiyo maana pia mimi sikuulizwa barua. Uhuru ule ulikuwa wetu sote wawili, ila yeye alijua namna ya kuutumia na mimi sikujua.

Nieleze. Kabla ya siku ile nilikuwa nimepigiwa kengele miaka 13. Shule ya msingi tulipigiwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Sekondari ya bweni kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, mchakamchaka, ikalia ya usafi, ikalia ya gwaride, ikalia ya darasani, ya uji, ya darasani tena, ya chakula, ya michezo, ya kujisomea usiku, na ya mwisho ya kuzima taa. Ukichelewa, fimbo. Ukikosa kabisa, mwalimu wa zamu anakufuata bwenini. Niliichukia kengele ile kwa moyo wangu wote, na sikuwahi kufikiri kwamba ndiyo iliyokuwa inanisomea.

Malimbe, ratiba ilibandikwa ubaoni. Kipindi kimoja asubuhi, kingine saa tisa alasiri, Alhamisi hakuna kitu mchana kutwa. Mhadhiri aliingia, akafundisha kwa saa mbili mbele ya watu mia tatu, akafunga kompyuta yake, akaondoka. Katika wiki ya tatu nilikosa vipindi vitatu mfululizo kwa sababu nilikuwa nimelala. Nikawa nasubiri niitwe. Nilishaandaa uongo wa malaria. Wiki ikapita, sikuitwa. Ya pili ikapita. Uongo wangu ukaniharibikia mdomoni kama jibu la Shehe, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nifike, niliogopa.

Kengele ya Misa ilikuwepo, naam, lakini ile inamwita anayetaka.

Mama alikuwa akipiga simu Jumapili jioni. Swali lake la kwanza halikubadilika: "Kengele huko inalia saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, mama."

"Afadhali," anasema, nami nasikia pumzi ikimshuka. Saa hizo mimi naamka saa tatu.

*

Hela ya bodi ilipotoka, ile ambayo wanafunzi wa nchi nzima wanaiita bumu, kila mwenye mkopo alikuwa anahesabiwa shilingi 7,500 kwa siku ya kula na kulala. Tulilipwa ya siku 60 kwa mkupuo: laki nne na nusu. Sikuwahi kushika hata nusu yake. Baba yangu, kwa mwaka wa kahawa mbaya, hakuwahi kuzishika zote pamoja.

Nitazitaja nilivyozitumia, maana ni bora nijiseme mwenyewe. Kodi, nusu yangu, 90,000. Simu ya tachi, 120,000. Suruali mbili na raba, 70,000. Mama nikamtumia 20,000, akalia kwenye simu. Na sabufa, 95,000.

Hiyo sabufa nilienda kuinunua Makoroboi, mjini kati, na mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu aliyesema anajua bei. Ilikuwa nyeusi, spika yake kubwa ina duara la taa za bluu zinazocheza na muziki. Nilirudi nayo kwenye daladala nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Sina kitanda, nalala kwenye godoro chini. Sina meza, daftari naliandikia juu ya ndoo iliyofunikwa. Lakini usiku ule chumba chetu kiliwaka bluu, na wanafunzi wa vyumba vya jirani wakaja kusimama mlangoni, na mimi nikajiona nimefika chuo kikuu sasa.

Shehe alikaa kwenye godoro lake akiitazama. "Inatoa na chakula hii?" akauliza.

Siku ya tisa baada ya bumu nilibakiwa na shilingi 55,000 na siku 51 mbele yangu. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi tangu hapo na haijawahi kubadilika. Mama mwenye nyumba, Msukuma mpole ambaye alikuwa anatuita wanangu, alikuja akasimama mlangoni akaitazama ile taa ya bluu, akasema tu kwamba luku ya mwezi huu imekwenda haraka. Hakuongeza neno. Kwa watu wa kule, hapo ameshagomba.

Tulikula mihogo ya kuchemsha na dagaa. Shehe alikuwa amezigawa hela zake kwenye bahasha ndogo za kaki, moja kwa kila wiki, amezifunga kwa uzi. Kila Jumamosi anafungua moja. Ya wiki ya nne aliifungua akaigawa katikati bila kuniambia kitu, akaniwekea nusu chini ya daftari. Siku ya 33 niliibeba sabufa yangu mpaka kwa kinyozi mmoja Nyegezi, akanipa 45,000 na kuninyoa bure. Ukipita pale jioni ulikuwa unaisikia kutoka barabarani.

*

Nimeacha mengi. Sijasimulia maji, wala foleni ya kafteria, wala vimbweta vya zege ambavyo ukichelewa kidogo unakuta vimewekewa daftari na watu wasioonekana. Maisha hayo ni ya chuo chochote, uwe Dodoma au Mlimani. Upande wa dini, wiki ya kwanza kila kundi lilipanga meza yake njiani: TMCS ya Wakatoliki, USCF, TAFES, CASFETA, TUCASA ya Wasabato, na ndugu Waislamu nao. Wote wanakukaribisha kwa tabasamu lilelile na daftari la kuandika namba ya simu. Niliandika namba yangu kwa TMCS na kwaya ikanichukua kwa besi, nikaimba vibaya mwaka mzima bila kufukuzwa.

Lakini siku moja siwezi kuiruka. Jumatatu, Februari 11, 2013, saa nane na kitu mchana, tuko kwenye kimbweta tunajadili desa la mwaka uliopita, mtu mmoja akatoa sikio kwenye redio ya simu akasema Papa amejiuzulu. Tukamcheka. Akazidisha sauti. Kweli, Benedikto wa 16 alikuwa ametangaza ataachia ngazi mwisho wa mwezi. Wa mwisho kuachia kiti akiwa hai alikuwa Gregori wa 12, mwaka 1415, na hilo hakuna aliyelijua pale. Tuliambiwa jioni na padri mmoja ambaye naye alionekana kama mtu aliyepigwa na upepo.

Kimbweta kiligeuka bunge. Mseminari mmoja wa zamani alitetea kwamba haiwezekani, baba wa familia hajiuzulu. Mlutheri wa Bukoba akamjibu kwamba kwao askofu anastaafu na anafuga ng'ombe vizuri tu. Shehe alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kwa unyenyekevu kabisa kama sasa na mawaziri wetu wangeweza kupelekwa Roma kufundishwa. Keshokutwa yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Darasani mhadhiri alifundisha akiwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, nusu ya darasa nayo ina majivu, nusu haina, na wote tunaandika kitu kimoja.

*

Sasa falsafa.

Tuliosoma ualimu tuliingia na wengine kwenye somo la falsafa ya utangulizi. Aliyefundisha alikuwa padri mzee kiasi, miwani mizito, sauti ndogo. Mimi, kwa kuwa nilijua katekisimu, niliamini hilo ni somo langu la kuzaliwa nalo. Sikuhudhuria sana. Nilihudhuria hata hivyo siku aliyouliza ni nani anamjua mtu ambaye jina lake liko getini.

Mikono ikanyooka. Mtakatifu, askofu, mwalimu wa Kanisa, mwandishi wa *Mji wa Mungu*, ndipo kaulimbiu ya chuo ilipotoka. Akatikisa kichwa. Akasema hayo ni ya uzeeni. Anataka mwaka wa kwanza.

Nimesoma baadaye mwenyewe, kwa hiyo nitayasimulia kwa utaratibu wangu. Augustino alizaliwa mwaka 354 Tagaste, mji mdogo ambao leo unaitwa Souk Ahras, Algeria. Mwafrika wa kaskazini, chini ya utawala wa Roma. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba lisilo kubwa na udiwani wa mji, cheo kingi na hela kidogo, kama madiwani tunaowajua. Mama yake Monika alikuwa Mkristo wa kusali kweli. Mtoto alionekana ana kichwa. Wakampeleka kusoma Madaura, kisha akiwa na miaka 16 akarudishwa nyumbani: ada ya kumpeleka mbele haikuwepo. Akakaa mwaka mzima bila kazi. Ni katika mwaka huo alipokwenda usiku na kundi la vijana kuiba mapeasi ya jirani, mapeasi yasiyo matamu hata, wakawatupia nguruwe. Aliyaandika hayo akiwa askofu wa miaka zaidi ya 40, na bado yanamuuma. Mimi na kizazi changu tulimaliza kidato cha sita Februari tukakaa hadi Oktoba tunasubiri majina ya mkopo. Miezi minane. Sina haja ya kuorodhesha tulichoiba.

Ada yake ilipatikana kwa Romanianus, tajiri wa mji wao. Bodi yake ya mikopo ilikuwa mtu mmoja. Baadaye alilipa kwa namna yake: alimfundisha mtoto wa Romanianus, akamwandikia huyo mfadhili kitabu. Sisi tunakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Basi akaenda Carthage, jiji kubwa la bandari, ana miaka 17 hivi. Monika aliridhia masomo yale akitumaini kwamba elimu haitamzuia mwanawe kumfikia Mungu, huenda hata ingemsaidia. Unamsikia mama wa Mbinga hapo? Kijana alipofika alizama kwenye michezo ya kuigiza, akapata mwanamke wakaishi pamoja, na kabla hajafikisha miaka 20 alikuwa baba wa mtoto wa kiume, Adeodatus. Akaingia kwenye dini ya Wamani akakaa humo karibu miaka tisa. Barua ya paroko, kama angekuwa nayo, ingekuwa imetumika kufungia karanga.

Na kulikuwa na kundi la wanafunzi Carthage waliojiita wavurugaji. Kazi yao ilikuwa kuwadhalilisha wageni, wanafunzi wapya, kuwacheka kwa ujinga wao wa jiji. Augustino alikaa nao. Hakufanya waliyoyafanya, lakini anasimulia kwamba alikuwa akiona haya kwa kuwa hakuwa mbaya kama wao.

Padri alipofika hapo alinyamaza akavua miwani, akaifuta. Darasa la watu mia tatu likawa kimya. Mimi nilikuwa naifikiria sabufa. Kwa kweli sikuwahi kuupenda muziki ule. Nilichotaka ni wale waliosimama mlangoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini maaskofu, walipotafuta jina la chuo kikuu, hawakuchukua mtakatifu aliyeanza vizuri. Wapo wengi: wamekufa wakiwa vijana, wana maua mkononi, hawakuwahi kukosa kipindi. Sijui walichofikiri ndani ya kikao chao. Ninachojua ni kwamba kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza jina lile ni rehema. Tangu Augustino alipoingia Carthage mpaka alipobatizwa Milan, Pasaka ya mwaka 387, ilipita miaka 16 hivi, na muda wote huo hakuna mtu aliyempigia kengele. Monika alilia, alisali, alimfuata mpaka ng'ambo ya bahari, lakini kumwamsha hakuweza. Kilichomshtua mara ya kwanza, akiwa na miaka 19, kilikuwa kitabu cha Cicero kilichokuwa kwenye ratiba ya masomo. Kitabu cha mpagani, tena leo kimepotea, vimebaki vipande vipande.

Mhadhara ule ulinigusa sana. Nilitoka nimekusudia kubadilika, nikala, nikalala, na kipindi kilichofuata sikwenda.

Matokeo ya muhula yalipobandikwa, falsafa nilikuwa na 31 kati ya 100. Sapu. Shehe, aliyesoma somo lilelile na darasa la biashara, alikuwa na A. Nilisimama mbele ya ule ubao nikalitafuta jina langu mara tatu nikidhani macho yamekosea mstari. Mtumishi wa altareni, miaka mitano, ana sapu ya somo la padri. Mtu wa Ujiji, aliyejifunza Kurani chuoni kwa bibi yake, ana A.

Hakunicheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Usiku ule aliniuliza swali moja tu: nataka kuamshwa?

Yeye hakuwa na kengele wala saa ya mezani. Aliamka alfajiri kwa mazoea tu, tangu utoto. Nilikuwa nasikia kwa mbali kopo la maji likigonga sakafu anapotia udhu, kisha kimya cha sala. Kuanzia muhula wa pili, alipomaliza kukunja mkeka alikuja akanigusa mguu kwa kidole kimoja. "Padri, kumekucha." Siku za kwanza nilimtukana. Hakujibu, alirudia tu. Baada ya hapo nikawa nakaa na daftari juu ya ile ndoo mpaka jua linachomoza nyuma ya mawe, siku nyingine nakwenda Misa ya asubuhi, siku nyingi siendi. Julai Ramadhani ilipoanza mitihani ikiendelea, tulikuwa tunaamka saa kumi, yeye kwa daku, mimi kwa aibu ya kulala mtu mwingine anakula. Alikuwa anasoma amefunga, midomo imekauka, na hakuna hata siku moja aliyonitaka nisile mbele yake. Nilikwenda kulia mihogo yangu nje.

Sapu nilifaulu Septemba, chuo kitupu, ngedere wakiwa wengi kuliko watu. Swali moja lilikuwa la Augustino na muda. Niliandika kurasa sita.

Katikati ya hayo nilikuwa nimekwenda nyumbani Mbinga kwa wiki tatu. Asubuhi ya kwanza mama alitoka kwenda kuwasha moto akanikuta nimekaa kibarazani, nimeshanawa, nasoma kwa tochi ya simu. Akanitazama. Saa kumi na moja na robo.

"Kengele yao imekukaa," akasema.

Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikamwambia yote: kwamba hakuna kengele, haijawahi kuwepo, kwamba barua ya paroko imebaki kwenye begi nikiitumia kama alama ya ukurasa, kwamba anayeniamsha ni Mwislamu mmoja wa Ujiji na ananigusa mguu. Mama alikoroga uji kwa muda mrefu. Kisha akauliza yule mtoto ana mama? Nikasema anaye. Akauliza anasoma nini. Nikamwambia.

Jioni tukapiga magoti kwa rozari kama kawaida. Zikaja nia: marehemu babu, mavuno ya kahawa, shangazi mwenye mguu, na baada ya hapo, kwa sauti ileile, kijana wa Ujiji aliye chuoni na mwanangu.

Oktoba nilipomsimulia Shehe, alicheka hadi akakaa chini. Halafu akawa serious kidogo, akaniomba nimpigie simu mama. Kulikuwa na somo la takwimu mwaka wa pili, akasema, ambalo bahasha za kaki haziliwezi, na kama nafasi bado ipo kwenye hiyo rozari, aliongezee.